Mfuko wa Tatu: Historia ya Kariakoo na Maradhi Yasiyochangiwa



Kila mwenye harusi kisiwani anaijua safari hii. Unapanda boti ya asubuhi, kichwa kimejaa hesabu: doriya, mashuka, vyombo, khanga za kugawa, sare za mashoga. Ukishuka Dar es Salaam hakuna haja ya kuulizwa unakwenda wapi. Ni Kariakoo tu. Pesa umezifunga vizuri ndani ya mkoba, na wala si zako peke yako. Mna mchango wa shangazi, wa mama mdogo, wa mashoga wa chuoni, na fungu la upatu ambalo wenzako wamekubali ulipokee mapema kwa ajili ya siku yako.

Nilimsindikiza mdogo wangu safari hiyo. Tulikuwa tumekaa kwenye kibenchi cha duka la vitenge, tunavutana bei kwa heshima na mwenye duka, mama wa makamo, pale alipoingia mama mwingine na daftari mkononi. Mwenye duka akatoa noti, jina lake likaandikwa. Nilipouliza, nikaambiwa ni msiba, mwenzao wa sokoni amefariki. Nikasema innaa lillahi, alikuwa mgonjwa? Yule mama akashusha sauti.

"Alikuwa na mawazo, mwanangu. Madeni. Hakumwambia mtu." Akalifunga daftari. "Ndiyo tunamchangia sasa."

Neno hilo la mwisho nilirudi nalo kwenye boti. Sisi wanawake wa pwani tuna mfuko wa harusi, tena haukauki. Tuna mfuko wa msiba, haulali. Lakini mtu anapokuwa hai, anazama kidogo kidogo kwenye mawazo mpaka anaona afadhali asiwepo, mfuko wake uko wapi? Nikaanza kusoma historia, na leo nataka tuipitie pamoja, kwa sababu hali hii haikuanza jana.

Mtaa uliopewa jina na mizigo

Tuanze na jina lenyewe. Waingereza waliuteka mji wa Dar es Salaam mwezi Septemba 1916, katika Vita vya Kwanza vya Dunia. Vita vile vilipiganwa kwa migongo ya watu. Barabara zilikuwa chache na wanyama wa kubeba walikufa kwa ndorobo, basi vyakula na risasi vikabebwa na wanaume waliokusanywa vijijini, wengi kwa nguvu. Kikosi chao kiliitwa kwa Kiingereza Carrier Corps. Kambi yao hapa mjini ilikuwa mahali palipo na soko leo, na wenyeji wakalitamka jina hilo kwa ulimi wao: Kariakoo.

Makumi ya maelfu ya wapagazi hao walikufa, na waliouawa na maradhi, njaa na uchovu walikuwa wengi kuliko waliouawa na risasi. Waliopona walirudi makwao na yale waliyoyaona. Hakuna aliyewauliza wanalalaje usiku. Kwa hiyo kila tunapotaja jina la soko letu la harusi, tunawataja watu waliobeba mizigo mizito ambayo haikuwa yao. Naona jina hilo bado linawastahiki wengi wanaopita mitaa ya Congo, Msimbazi na Narung'ombe leo.

Wagonjwa walipelekwa mbali

Mwaka 1927 mjini Dar es Salaam ilisimamishwa sanamu ya Askari, ile iliyopo hadi leo Mtaa wa Samora, kuwakumbuka waliopigana. Mwaka huohuo, Dodoma, ilianzishwa hospitali ya wagonjwa wa akili ambayo sote tunaijua kwa jina la Mirembe. Kabla yake ilikuwepo Lutindi, katika milima ya Usambara. Hapo wamisionari wa Kijerumani walifungua makao ya watoto waliokombolewa utumwani mwaka 1896, na miaka michache baadaye pakageuzwa kuwa hospitali ya akili, ya mwanzo katika nchi hii.

Tazama pahali penyewe. Lutindi iko mlimani. Mirembe iko zaidi ya kilomita 400 kutoka Kariakoo. Mgonjwa alipopelekwa, mama yake hakuweza kumpelekea uji asubuhi. Dada yake hakuweza kumsuka nywele. Fedha kidogo zilizotengwa na serikali ya kikoloni zilikwenda kwenye kumtenga mtu na watu wake, na zaidi kwa ajili ya utulivu wa mji kuliko afya ya mgonjwa.

Madaktari na wauguzi waliofanya kazi huko wameokoa watu wengi, na wanastahiki dua zetu. Lakini umbali ule ulituachia mazoea mabaya. Jina la hospitali likageuka tusi. Bara wanasema "huyu wa Mirembe", na sisi huku kisiwani, tusijifanye wasafi, tunasema "apelekwe Kidongo Chekundu" na kucheka. Kisha tunashangaa mtu akikosa usingizi mwezi mzima anakwenda kila mahali ila hospitali.

Sheria iliyosema huyu ni mkosaji

Mzigo mwingine tuliachiwa na sheria. Katika Kanuni ya Adhabu ya mwaka 1945, Waingereza waliandika kwamba mtu anayejaribu kujiua ametenda kosa la jinai. Ni kifungu cha 217. Walikitoa kwao, ambako sheria kama hiyo ilikuwepo kwa karne nyingi.

Sasa angalia tarehe. Uingereza yenyewe iliifuta sheria hiyo mwezi Agosti 1961. Tanganyika ilipata Uhuru tarehe 9 Desemba 1961. Aliyetuletea kifungu hicho alikuwa ameshakitupa miezi minne kabla ya kutukabidhi nchi, na sisi tukabaki nacho.

Fikiria maana yake ndani ya nyumba ya Kariakoo au ya Ng'ambo. Binti amejidhuru, Allah amemnusuru. Wazazi wanamkimbiza hospitali, lakini njiani wanakubaliana la kusema: aliteleza, alikula kitu kibaya, alichanganya dawa. Wanaogopa polisi na wanaogopa majirani. Daktari anatibu tumbo na hakuna anayeutibu moyo. Binti anarudi nyumbani na siri ileile iliyomfikisha pale, na wataalamu wote wanasema mtu aliyewahi kujaribu ndiye wa kuangaliwa kwa karibu zaidi.

Majirani zetu Kenya walikuwa na kifungu cha urithi huohuo, namba 226. Tarehe 9 Januari 2025, Mahakama Kuu mjini Nairobi ilitamka kwamba kinapingana na katiba, kwa kuwa kinamwadhibu mtu kwa sababu ya ugonjwa. Naandika haya ili tujue kwamba hofu iliyopo majumbani mwetu ina asili yake. Iliandikwa na watu, na watu wanaweza kuiondoa.

Fedha zilikwenda wapi?

Baada ya Uhuru nia njema ilikuwepo. Mwishoni mwa miaka ya 1960 Tanzania ilianza vijiji vya wagonjwa wa akili, ambako mgonjwa aliishi, alilima na kurudi polepole katika maisha ya kawaida. Muhimbili ina kijiji chake cha Vikuruti, nje ya Dar es Salaam. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, kwa msaada wa Shirika la Afya Duniani na serikali ya Denmark, mpango wa taifa ulijaribiwa mikoa ya Morogoro na Kilimanjaro, kuwafundisha wahudumu wa zahanati kuyatambua maradhi ya akili hukohuko vijijini. Dunia ilikuja kuyasoma majaribio hayo. Mwaka 2008 ikapitishwa Sheria ya Afya ya Akili.

Lakini mipango inaendeshwa na fedha, na fedha ya afya ya akili huwa ya mwisho mezani. Shirika la Afya Duniani linasema serikali duniani, kwa wastani, hutumia takriban asilimia 2 tu ya bajeti ya afya kwa ajili ya akili, na sehemu kubwa inaishia kwenye hospitali kubwa, haifiki mtaani. Shirika hilohilo linahesabu zaidi ya watu 720,000 wanaojitoa uhai kila mwaka duniani, na kwa vijana wa miaka 15 hadi 29 ni sababu ya tatu ya vifo. Umri huo, mpenzi msomaji, ndio umri wa maharusi wetu.

Na Kariakoo imepita mengi. Usiku wa tarehe 10 Julai 2021 moto uliwaka katika soko kuu, jengo maarufu lililochorwa na msanifu wetu Beda Amuli miaka ya 1970. Tarehe 16 Novemba 2024 ghorofa liliporomoka na zaidi ya watu 20 wakafariki. Kila mara tulihesabu maiti na mali. Aliyepoteza mtaji wa miaka kumi, au aliyekaa chini ya kifusi akisikia sauti za wenzake zikipungua, yeye jeraha lake halionekani kwenye picha.

Juu ya hayo kuna mikopo ya "kausha damu". Wanawake wenyewe ndio walioipa jina hilo, na hakuna jina linalofaa zaidi. Unachukua leo, unalipa kila siku, ukikosa wanabeba sufuria na godoro mbele ya wanao. Wapo waliohama nyumba usiku. Wapo waliojificha waume zao wasijue. Aibu ya deni ikikutana na upweke ni hatari kubwa.

Mifuko ya mama zetu

Na hapa ndipo historia inaponipa matumaini, kwa sababu Kariakoo haijawahi kungoja serikali kwa kila jambo.

Sewa Haji, tajiri Mwislamu wa Bagamoyo aliyefariki mwaka 1897, alitoa mali yake ijengwe hospitali ya watu ambao Wazungu hawakutaka kulazwa nao. Ukienda Muhimbili leo, jina la Sewahaji bado lipo kwenye jengo la wodi. Mwaka 1933 Waislamu wa mji huu waliunda Al Jamiatul Islamiyya, wakachanga, wakajenga skuli yao Mtaa wa New Street, ambao sasa ni Lumumba.

Na wanawake? Walikuwa na vikundi vya lelemama na ngoma nyingine, vyenye viongozi, sare na michango. Wanaume waliona ngoma tu. Ndani yake mlikuwa na mengi zaidi: mwanachama akijifungua alipikiwa, akifiwa alikaliwa, akiachwa hakulala njaa. Bibi Titi Mohamed alitoka humo, kiongozi wa kikundi cha ngoma. Mwaka 1955 TANU ilipotaka wanawake, yeye hakuanza na mikutano ya hadhara. Alikwenda kwa viongozi wa vikundi vile, na katika miezi michache wanawake wapatao 5,000 walikuwa wameandikishwa. Waliweza kuibeba nchi kwa sababu tayari walikuwa wamezoea kubebana wao kwa wao.

Mfuko basi upo, na daftari lipo. Kilichokosekana ni ukurasa mmoja ndani yake.

Dini yetu haikulisahau hili

Kuna anayesema maradhi haya ni upungufu wa imani. Dada yangu, tusome vizuri.

Kujiua ni haramu, hilo halina mjadala, na Suratun-Nisaa aya ya 29 inakataza waziwazi. Lakini aya hiyohiyo inamalizia kwa kututajia rehema ya Mola wetu kwetu. Nabii Yaakub, alayhis salaam, alimlilia mwanawe mpaka macho yakaingia weupe, na hakuna aliyesema hana imani. Mtume wetu, swalla Llahu alayhi wasallam, alikuwa akijikinga kwa Allah na wasiwasi na huzuni, kwa sababu vitu hivyo vipo na vinaumiza.

Na Bibi Maryam! Katika uchungu wa kuzaa, peke yake chini ya mtende, alitamani angekuwa amekufa kabla ya siku ile. Mwanamke bora wa zama zake alitamka hivyo. Je, alikaripiwa? Aliambiwa asihuzunike, akaonyeshwa maji ya kunywa na tende za kula, na akaruhusiwa asizungumze na mtu. Alipata faraja, chakula, maji na mapumziko. Mara ngapi sisi tumemjibu mwenzetu kwa mawaidha tupu, bila hata glasi ya maji?

Waislamu waliotangulia waliyaelewa haya na wakayawekea fedha. Abu Zayd al-Balkhi, aliyefariki mwaka 934, aliandika kitabu kizima kuhusu afya ya mwili na ya nafsi, akieleza kwamba huzuni nyingine ina sababu inayojulikana na nyingine haina, na zote zina tiba. Cairo, mwaka 1284, Sultan Qalawun alianza kujenga hospitali kubwa iliyopokea wanaume na wanawake, tajiri na maskini, pamoja na wagonjwa wa akili, bila malipo. Aleppo ilijengwa nyingine mwaka 1354, yenye nyua na maji yanayotiririka ili kutuliza nafsi. Zote ziliendeshwa kwa wakfu: maduka, mashamba na nyumba ambazo kodi yake ilikwenda kwa wagonjwa mwaka hadi mwaka. Hawakungoja mfadhili.

Na aliyefiwa kwa njia hii asiongezewe adhabu. Wanazuoni wengi wanasema maiti yake ni ya Mwislamu, huoshwa, husaliwa na kuombewa. Akili ikiondoka, kalamu nayo huinuliwa. Ya ndani anayajua Allah. Kazi yetu sisi ni kwenda matangani na kukaa na mama yake, tusichungulie dirishani.

Bibi kumi na nne

Mfano wa mwisho ni wa Zimbabwe. Daktari Dixon Chibanda alimpoteza mgonjwa wake kijana aliyejitoa uhai. Mama wa binti huyo alimweleza kwamba walitaka kumleta kliniki, ila walikosa nauli, dola 15. Daktari akajiona yuko hospitalini akiwangoja watu wasioweza kufika.

Mwaka 2006, katika mtaa wa Mbare mjini Harare, ambao nao una soko kubwa kama Kariakoo, alipewa bibi 14 wa mtaani, hana jengo wala fedha. Akawafundisha kusikiliza, kuuliza maswali machache yanayofaa, na kumsaidia mtu achague tatizo moja alianze. Wakakaa na wagonjwa kwenye mabenchi nje ya zahanati. Utafiti wa watu 573 uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kwamba baada ya miezi sita, kati ya kila watu 100 waliopata huduma ya kawaida, 50 walikuwa bado na dalili za sonona. Kwa waliokaa na bibi, hawakufika 14. Mabenchi hayo yameshafika mpaka hapa Zanzibar.

Nikicheka kidogo nasema: hao bibi si makungwi wetu? Si masomo wetu? Kila biharusi wa pwani hupewa mtu mzima wa kumfunda, mwenye siri, asiyetangaza. Tumemfundisha somo kuuliza habari za chumbani. Hatujamfundisha kuuliza, mwezi wa tatu baada ya harusi au wiki ya sita baada ya kujifungua, "Mwanangu, unalala? Kuna siku unaona bora usingekuwepo?"

Na usiogope swali hilo. Wataalamu wanakubaliana kwamba kumuuliza mtu waziwazi hakumtii fikra hiyo kichwani. Mara nyingi humpa nafasi ya kupumua.

Tuanze na daftari

Ombi langu ni dogo. Katika upatu wenu, kikoba chenu au kamati ya harusi, tengeni fungu la tatu, hata likiwa elfu moja kwa kila mtu. Liwe la nauli ya kumpeleka mwenzenu hospitali, la dawa za mwezi, la chakula cha watoto wakati amelala. Mchague wawili wenye siri ambao mtu anaweza kuwaendea bila kuandikwa jina. Mwenzenu akisema amechoka na maisha, msimwache peke yake siku hiyo, muondoleeni karibu vitu vya kujidhuru, na mumsindikize mpaka kwa mhudumu wa afya. Dar es Salaam kuna kliniki za afya ya akili Muhimbili, Amana, Temeke na Mwananyamala. Unguja ipo Kidongo Chekundu, na tuanze kulitaja jina hilo kwa adabu. Mtoto anaweza kupiga 116 bure.

Nawe unayesoma haya usiku, mume amelala au hayupo, na moyo wako ni mzito: mwambie mtu mmoja leo. Dua na daktari havigombani. Maryam alipewa vyote viwili, maneno na tende.

Mdogo wangu aliolewa, alhamdulillahi. Zilizobaki kwenye mchango wake hatukuzila. Tumenunua daftari, na kwenye ukurasa wa kwanza tumeandika "wazima".

Allah atuondolee wasiwasi na huzuni, awape shifaa wagonjwa wetu na awarehemu waliotangulia. Amiin.

Wassalaam alaykum.